Kofia ya Chifu: Historia ya Cheo Kimoja Dagoretti na Kibera

Cheo cha chifu nchini Kenya kina mwaka wa kuzaliwa. Mnamo 1902 utawala wa Uingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki ulitunga Sheria ya Wakuu wa Vijiji. Sheria hiyo ilimruhusu ofisa wa serikali kumteua mtu mmoja asimamie kijiji au kundi la vijiji: atunze barabara, alinde amani na asaidie ukusanyaji wa kodi ya nyumba, iliyokuwa imeanza mwaka uliotangulia. Mteuliwa hakulazimika kuwa mzee wa ukoo wala shujaa wa vita. Ilitosha kwamba ofisa amemkubali na jina lake limeandikwa.

Tangu hapo himaya imekuwa koloni, koloni limekuwa jamhuri, na jamhuri imebadilisha katiba. Magavana wameondoka, wakuu wa mikoa wamefutwa, halmashauri ya jiji imezaliwa, ikavunjwa na kuzaliwa upya. Chifu yupo bado, na kofia yake ya kaki.

Makala haya yanafuata safari ya cheo hicho katika sehemu mbili za Nairobi, Kawangware na Kibera. Kutoka moja hadi nyingine si mbali, lakini cheo kiliziingia kwa milango tofauti. Kawangware, iliyo ndani ya eneo la kale la Dagoretti, ilikuwa na chifu kabla ya kuwa na jiji. Kibera ilikuwa na kanali kabla ya kuwa na chifu. Tofauti hiyo ya mwanzo bado inaonekana katika hati za ardhi, katika kodi za nyumba na katika sababu zinazowapeleka wakazi afisini kwa chifu.

Vyeo vya waliokuja

Waingereza walioandika sheria ya 1902 walitoka katika nchi yenye vyeo vingi, na historia ya vyeo vyao inasaidia kuelewa walichokipanda hapa. Chukua cheo cha earl. Katika karne ya 11, enzi ya Mfalme Cnut, earl alikuwa mtawala wa eneo kwa niaba ya mfalme. Aliongoza watu wa eneo lake vitani, alikaa katika mahakama ya wilaya, na kwa desturi alipewa theluthi ya mapato ya mahakama hiyo. Ilikuwa kazi, na mfalme angeweza kumnyang'anya mtu kazi hiyo.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kazi na jina vilianza kuachana. Utawala wa kila siku ulimwendea mjumbe wa mfalme katika wilaya, naye earl akabaki na ardhi, heshima na haki ya kumwachia mwanawe vyote viwili. Kisha vyeo vingine vikapangwa juu yake na chini yake: duke wa kwanza mwaka 1337, marquess mwaka 1385, viscount mwaka 1440. Kufikia siku Waingereza walipokanyaga Dagoretti, mtu aliweza kuitwa earl wa mahali ambapo hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Vyeo hivyo vilifika Kenya pamoja na wenyewe. Josslyn Hay, aliyepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen mnamo Januari 1941, alikuwa Earl wa Erroll, cheo cha Scotland kilichoanzishwa mwaka 1453. Alipokufa, cheo hakikuhitaji barua ya gavana wala mahojiano ya kazi. Kilimwangukia bintiye, Diana, aliyekuwa Uingereza. Kutoka Karen hadi Kawangware ni mwendo mfupi, lakini cheo cha Kawangware kilikuwa kinyume kabisa cha kile. Hakikurithiwa kwa damu, na mwenyewe hakupumzika hata siku moja kutoka kwa kazi aliyotumwa.

Chifu Mkuu wa Dagoretti

Wakikuyu wa Dagoretti hawakuwa na mfalme, wala hawakuwa na chifu kwa maana ambayo Waingereza waliitafuta. Mambo yao yaliamuliwa na kiama, baraza la wazee, na miongoni mwa wazee hao walikuwapo athamaki, watu waliosikilizwa kwa sababu ya hekima, mali au ushujaa. Muthamaki aliongoza kwa kuaminiwa. Akikosa kuaminiwa, aliendelea kuzungumza lakini hakupata wa kumsikiliza.

Oktoba 1890 Frederick Lugard, akitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alijenga ngome Dagoretti na kula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga, mmoja wa viongozi wa sehemu hizo. Urafiki haukudumu. Watu wa kampuni walipora mazao na kuwaudhi wenyeji, ngome ikashambuliwa na kuachwa mwaka 1891, na kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Mwaka uliofuata Waiyaki alikamatwa akapelekwa pwani chini ya ulinzi, akafia njiani, Kibwezi.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na Kinyanjui wa Gathirimu. Hakuwa mzee mashuhuri wa kiama. Alijulikana kwa kuwaongoza wasafiri wa kampuni na kuwasaidia wageni wa Fort Smith wakati wengi walipowakwepa. Kadiri utawala wa wageni ulivyokua, naye alikua, hata akatambuliwa na serikali kuwa Chifu Mkuu wa Wakikuyu. Makazi yake yalikuwa Dagoretti. Karen Blixen, aliyekuwa jirani yake kwa upande wa Ngong, alimwandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1937, miaka minane baada ya kifo cha chifu huyo mwaka 1929. Hata leo jina lake limo katika chuo cha ufundi cha PC Kinyanjui, Riruta. Mtu anaweza kudhani herufi hizo mbili ni za mkuu wa mkoa. Ni za cheo cha Kinyanjui kwa Kiingereza, Paramount Chief, yaani Chifu Mkuu.

Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliongeza nguvu za machifu. Waliweza kutoa amri kuhusu pombe, silaha, maji, moto wa nyika na kazi za jamii, na aliyekaidi alishtakiwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walowezi walipodai vibarua, chifu akawa mlango wa vibarua hao. Waraka wa Gavana Northey wa mwaka 1919 uliwataka maofisa na machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi mashambani kwa wazungu. Kipande, cheti cha usajili, kikaanza kuning'inia shingoni mwa wanaume, na kodi ikapanda hadi shilingi 16.

Mnamo Juni 1921 Dagoretti ilikuwa uwanja wa mkutano uliowakutanisha machifu wa Chama cha Wakikuyu na maofisa wa serikali. Machifu hao walileta malalamiko ya watu: ardhi, kodi, kipande, na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi mashambani. Harry Thuku, kijana mpiga simu wa Hazina, alikuwapo pia. Muda si mrefu alianzisha chama chake mjini na kuwashambulia machifu hadharani, akisema wao ndio mkono uliowashika watu. Machi 1922 alikamatwa, na umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ukapigwa risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa woga wao.

Hapo ndipo kasoro kuu ya cheo ilipojitokeza mchana kweupe. Chifu alitakiwa apeleke kilio cha watu juu na amri ya serikali chini, lakini mshahara wake ulitoka juu. Mkutano wa Dagoretti ulionyesha kwamba aliweza kufanya yote mawili. Machi 1922 ilionyesha ni lipi lingeshinda mambo yakichacha.

Kibera chini ya kanali

Kibera ilianza kwa njia nyingine kabisa. Wanubi wa kwanza kuishi pale walikuwa askari Wasudani, wengi wao wazao wa jeshi la Emin Pasha ambalo Lugard alilichukua kando ya Ziwa Albert mwaka 1891. Waliitumikia Uingereza Uganda na Kenya katika kikosi cha King's African Rifles, na walipostaafu hawakuwa na kwao pa kurudi. Serikali iliwapa nafasi katika msitu uliokuwa kusini magharibi mwa mji, na mwaka 1918 eneo hilo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi.

Kwa miaka mingi mkubwa wa Kibera alikuwa jeshi. Kikosi ndicho kilichoamua nani akae na nani aondoke, na mstaafu alihitaji kibali kumruhusu kulima. Wanubi walikuwa na wazee wao, misikiti yao, ndoa zao na ngoma zao. Walikuwa pia na pombe yao kali maarufu ya gin, iliyonywewa na mji mzima na kupigwa vita na polisi mji mzima. Mwaka 1928 jeshi liliukabidhi utawala wa raia mzigo wa Kibera. Tangu hapo serikali ikaanza kuuliza swali ambalo halikujibiwa kwa karibu karne nzima: watu hawa ni wenyeji au ni wageni waliosahauliwa kuondoka? Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, mapema miaka ya 1930, iliwaona kuwa wapangaji kwa hisani ya serikali.

Mzee wa Kinubi hakuwa Kinyanjui. Hakuwa na kodi ya kukusanya kwa niaba ya gavana wala vibarua wa kuwapelekea walowezi. Kauli yake ilisimama juu ya umri, dini na utumishi wa jeshi. Cheo cha chifu kilipofika Kibera, kiliwakuta wazee hao wameketi tayari, na hadi leo chifu wa Kibera mwenye busara hawezi kuendesha baraza bila kuwaalika.

Ardhi mbili, machifu wawili

Kati ya Vita Vikuu vya Pili na uhuru, jambo moja lilitenganisha hatima za sehemu hizi mbili kuliko lolote jingine: usajili wa ardhi.

Oktoba 1952 Chifu Mwandamizi Waruhiu wa Kung'u wa Kiambu aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake, na wiki mbili hivi baadaye Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Miaka iliyofuata ilikuwa michungu kwa cheo. Machifu walisimamia askari wa ulinzi wa nyumbani, walitia saini orodha za waaminifu na wasio waaminifu, na wengine waliuawa. Baadhi walitajirika. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mashamba ya Kiambu, Dagoretti ikiwamo, yaliunganishwa, kupimwa na kusajiliwa. Wakati huo wapiganaji na washukiwa wengi walikuwa msituni au kizuizini, na waliokuwa karibu na chifu walikuwa karibu na ramani.

Wengine wa tabaka hilo walifikisha watoto wao mbali. Chifu Josiah Njonjo wa Kabete ndiye baba wa Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Chifu Mwandamizi Koinange wa Mbiyu, ambaye serikali yenyewe ilimweka kizuizini kwa miaka, ndiye baba wa Mbiyu Koinange, waziri wa miaka mingi. Sheria haikumpa mwana wa chifu cheo cha babake. Cheo kilimpa karo ya shule, na karo ikafanya kazi ambayo damu inaifanya Uingereza.

Dagoretti ilipoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru, iliingia na hati zake mkononi. Kwa hiyo Kawangware ya leo, na Gatina, na Kabiro, ni vijiji vya mabati vilivyosimama juu ya ploti zenye wenyewe. Mwenye shamba alijenga vyumba, akapangisha, na mpangaji alijua landilodi ni nani. Kazi ya chifu huko imekuwa kupatanisha: mwenye nyumba na mpangaji, ndugu na ndugu juu ya urithi, mjane na mashemeji.

Kibera haikupata hati. Serikali ilihesabu ardhi ile kuwa yake, ikaikata vipande kujengea mitaa kama Jamhuri, Ayany na Fort Jesus, na iliyobaki ikajaa wahamiaji waliokuja mjini kutafuta riziki. Mahali pasipo na hati, ruhusa ya mdomo ndiyo hati. Watafiti waliochunguza nyumba za Kibera miaka ya 1970 na 1980 waliandika waziwazi kwamba ruhusa ya kujenga, kuongeza chumba au kubadilisha mabati yaliyooza ilipatikana kupitia utawala wa mkoa, chifu akiwa ngazi yake ya chini. Ruhusa hiyo ilikuwa na bei. Hivyo ndivyo Kibera ilivyopata wenye nyumba wengi wasioishi Kibera.

Kwa muda huo chifu wa Kibera alikuwa na mamlaka juu ya ardhi ambayo mwenzake wa Kawangware hakuwahi kuyaota. Cheo kilikuwa kimoja, mshahara ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni karatasi waliyokuwa nayo watu mkononi. Mwaka 2001 hasira za jambo hilo zililipuka: baada ya Rais Moi kusema kodi za nyumba Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye nyumba walikabiliana, na damu ikamwagika.

Kutoka Ikulu hadi mtaani

Jamhuri haikumfuta chifu. Ilimhamisha. Sheria ya mwaka 1937 iliyorithi ile ya 1912 iliendelea kutumika, sasa ikiitwa Sheria ya Mamlaka ya Machifu, na utawala wote wa mikoa ukawekwa chini ya Afisi ya Rais. Kutoka naibu wa chifu hadi ofisa wa tarafa (DO), mkuu wa wilaya (DC), mkuu wa mkoa (PC) na Ikulu, ulikuwa mstari mmoja ulionyooka. Chifu aliweza kumkamata mpika chang'aa, kuzuia ngoma ya usiku na kuamuru watu wafanye kazi. Enzi ya chama kimoja, baraza la chifu na mkutano wa KANU vilifanana kiasi kwamba mgeni angeshindwa kuvitofautisha. Katika uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na utawala huo huo ndio uliosimama pembeni.

Makali yalipunguzwa mwaka 1997. Wabunge wa pande zote, katika mazungumzo yaliyojulikana kama IPPG, walikubaliana kubadilisha sheria kadhaa za kikoloni kabla ya uchaguzi. Neno la mamlaka likaondoka katika jina la sheria ya machifu, na pamoja nalo amri nyingi za kulazimisha. Wengi walitabiri kwamba cheo kitakufa. Katiba ya 2010 ilionekana kuwa msumari wa mwisho, kwa kuwa iliagiza utawala wa mikoa upangwe upya ndani ya miaka mitano ili uheshimu ugatuzi. Ukapangwa. Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Kitaifa ya mwaka 2013 iliwaondoa PC na DC, ikaleta makamishna wa kaunti na manaibu wao. Mwisho wa orodha yake ikaandika: chifu, na naibu wa chifu.

Kwa nini alinusurika? Jibu halipatikani Ikulu. Linapatikana kwenye benchi nje ya afisi yake asubuhi ya Jumatatu. Kijana wa Gatwekera, Kibera, anataka barua ya kuombea kitambulisho. Mama wa Kawangware amefiwa na mume na benki inataka barua ya chifu ithibitishe warithi. Mzazi anaomba saini kwenye fomu ya basari. Mzee aliyevuka miaka 70 anauliza kama jina lake limo katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa malipo ya wazee. Msichana amekimbia kwao. Mpangaji amefungiwa mlango na vyombo vimo ndani. Mwakilishi wa wadi yuko City Hall, mbunge yuko Bungeni, korti iko Kibera au Milimani lakini ina ada na tarehe. Chifu yuko hapa, na kumwona ni bure kisheria.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoziunguza Kibera na Kawangware zote mbili, machifu na wazee wa mtaa walikaa katika kamati za amani pamoja na mapasta, maimamu na vijana wa stendi. Mpango wa usalama wa mtaa wa Nyumba Kumi ulipoanzishwa mwaka 2013 uliegemea kwao. Sensa inapokuja, mzee wa mtaa ndiye humtangulia karani kwenye vichochoro, kwa sababu ramani haimjui kila aliyejenga nyuma ya mwenziwe.

Upande wa pili wa daftari nao usomwe. Karatasi ile ile inayomfungulia mtu mlango inaweza kumfungia. Vijana wa Kinubi, wajukuu wa askari walioitumikia Kenya kabla haijaitwa Kenya, walipelekwa kwa miaka mbele ya kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani yao alikipata kwa barua tu. Mwaka 2017 jamii yao ilipokea hatimiliki ya ekari 288 za Kibera, kati ya zile 4,197 za mwaka 1918. Na katika sehemu zote mbili, wakazi bado hunung'unika kuhusu soda inayoombwa kabla ya muhuri kugonga karatasi.

Hukumu ya cheo

Turudi kwa vyeo vya Uingereza. Mwaka 1999 Bunge la Uingereza liliwaondoa malodi wengi wa kurithi katika baraza lake la juu, likawabakiza 92. Waliotolewa walibaki na vyeo vyao. Hakuna aliyehangaika kuwanyang'anya majina, kwa sababu majina hayo hayakuwa yakifanya kazi yoyote tena.

Chifu wa Kenya hana kinga hiyo. Hakuzaliwa na cheo, hakupigiwa kura, na siku ya kustaafu ataacha kofia kwa mwingine. Alibuniwa ili mtawala awafikie watu, na amedumu kwa sababu watu walimgeuza kuwa njia yao ya kumfikia mtawala. Hiyo ndiyo historia yake nzima kwa sentensi moja, na ndiyo haki yake pekee ya kuendelea kuwapo.

Basi kila afisi ya chifu, kuanzia Dagoretti hadi Kibera, itundike ukutani mambo mawili: majina na miaka ya waliowahi kuikalia, na orodha ya huduma zinazotolewa bila malipo. Nawe msomaji, ukienda kuchukua barua yako, isome orodha hiyo kabla ya kutia mkono mfukoni. Barua ile ni haki yako, na kuitoa ndiyo kazi anayolipwa.